Kitenzi Nilichokifuta

Muhula uliopita, katika mjadala wa wanafunzi wa kitivo chetu, mada ilikuwa hii: je, mashirika yatumie mitandao ya kijamii au yaachane nayo? Upande wa kwanza ulisema kwamba shirika lisilo na ukurasa leo ni kama halipo duniani. Upande wa pili ulijibu kwamba mitandao hiyo ni kisima cha uongo na matusi, na shirika linalojiheshimu lisiteke maji humo. Tulizipigia makofi pande zote mbili, mhadhiri akafunga kikao, tukaenda kula. Mimi sikusema neno. Nilikuwa na la kusema, lakini nisingeweza kulisema bila kumtaja mama yangu mdogo, na siku ile sikuwa tayari kumtaja mbele ya watu. Sasa najaribu kwa maandishi.

Nimezaliwa Njingala, wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Asiyeijua Njingala huenda ameisikia Bisie. Bisie ni kilima kilicho ndani kabisa ya msitu, chenye kasiteriti, yaani jiwe linalotoa bati. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 maelfu ya watu waliingia huko kuchimba kwa nyundo na patasi. Mwenye shimo aliitwa PDG kama mkuu wa kampuni kubwa, hata kama kampuni yake ilikuwa tundu moja la giza na vijana saba. Njia ya miguu ya kwenda Bisie ilianzia kwetu Njingala. Wapagazi walitembea zaidi ya kilomita 40 za matope na mizizi, kila mmoja na gunia la kilo 50, na kila aliyeshika bunduki njiani alikuwa na fungu lake. Kutoka kwetu mzigo ulifikishwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe, zikapakia, zikaruka kwenda Goma. Baba yangu alikuwa mpagazi. Mama aliwapikia wapagazi fufu na sombe.

Mwaka 2010 nilikuwa na umri wa miaka 8. Ninachokumbuka cha mwaka ule ni kwamba siku moja magunia yaliacha kupita. Ilikuwa Septemba, Rais Joseph Kabila alipoamuru uchimbaji wa madini usimame katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ile ilidumu hadi Machi 2011. Baba alikaa barazani na mgongo wake uliopona, akitazama njia. Mama aliendelea kupika kidogo, kisha akaacha. Sikurudi shule hadi mwaka uliofuata.

Nilipofika hapa Kisangani kusoma, nikapata maktaba na mega za kutosha, nilianza kutafuta mwaka wangu ule wa 2010 ulitoka wapi. Nikakuta kwamba sehemu moja yake ilipita kwenye ukurasa wa Facebook. Mwezi Mei 2010 wanaharakati wa Marekani, wakiwemo wa Enough Project, waliwahimiza wafuasi wao waandike kwenye ukurasa wa kampuni ya Intel, inayotengeneza vipuri vya kompyuta, kuitaka iunge mkono sheria kuhusu madini ya Kongo. Maoni yalimiminika. Intel ikayafuta, kisha ikafunga ukurasa wake watu wasiweze kuandika. Hasira zikaongezeka maradufu. Haukupita muda, kampuni ikaufungua tena na kuomba radhi. Mwezi Julai Rais Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizomo katika masoko ya hisa ya Marekani zieleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani. Miezi miwili baadaye ikaja amri ya Kabila.

Sitaki kusema kwamba wanaharakati wale walikosea. Bunduki zilikuwapo Bisie, na kodi za njiani nilizijua kabla sijajua kusoma. Wala sisemi kwamba ukurasa mmoja ulimfukuza baba yangu kazini; mambo yalikuwa mengi. Ninasema tu kwamba mwaka ule kulikuwa na mazungumzo makubwa juu yetu, kampuni na mashirika yakijibizana hadharani mbele ya ulimwengu, na hakuna mtu hata mmoja wa Njingala aliyeweza kuuliza: "Na sisi tutakula nini mkishafunga?"

Mwaka huohuo, wilaya hiyohiyo, kulikuwa na ukimya wa aina nyingine. Tangu Julai 30 hadi Agosti 2 watu wenye silaha walivamia Luvungi na vijiji jirani vya barabara ya Kibua hadi Mpofi. Umoja wa Mataifa baadaye ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13. Kambi ya walinzi amani ilikuwa Kibua, kilomita 30 hivi kutoka hapo. Siku nne zilipita. Rezo ya simu haikuwapo, na habari iliufikia ulimwengu baada ya wavamizi kuondoka. Nikisikia mtu anasema mashirika yaachane kabisa na vyombo hivi, hufikiria zile kilomita 30. Mtu aliyewahi kukosa pa kupigia kelele hawezi kudharau simu.

Basi ndivyo nilivyofikiri wakati wanafunzi wa Walikale tuliopo hapa tulipoanzisha chama chetu cha kusaidiana. Kilikuwa chama kidogo: michango ya misiba, ya ugonjwa, ya ada. Nilichaguliwa kuwa mwandishi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp, ili watu wa nyumbani wajue habari zetu na sisi zao. Hawakujiunga wanafunzi tu. Walijiunga walimu, waganga wa vituo vya afya, wenye maduka, vijana wa pikipiki. Kijana mmoja mwenye simu nzuri aliwasomea majirani kumi. Kundi likawa kubwa kuliko chama.

Ukubwa ulileta taabu. Mwaka 2024, vita vilipozidi Masisi, maneno ndani ya kundi yalibadilika. Nani mwenyeji, nani mgeni, nani anawapa habari nani. Mtu mmoja aliitwa msaliti kwa jina lake, na kijiji chake kikatajwa. Kwetu wakati wa vita neno hilo si tusi, ni hukumu inayoweza kutekelezwa usiku uleule. Tulikutana viongozi watano, tukakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo wasimamizi peke yao ndio wataandika, wengine watasoma. Mmoja wetu alibonyeza mahali pa kubonyeza, na kundi likatulia kama darasa mwalimu anapoingia. Tulijipongeza. Hata leo sioni kwamba sababu yetu ilikuwa mbaya.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na vita vikapanda barabara ya Masisi kuja kwetu. Tarehe 13 Machi kampuni ya Alphamin, ambayo tangu 2019 huchimba Bisie kwa mitambo mahali walipokuwa wachimbaji wa nyundo, ilitangaza kwamba inasimamisha kazi kwa muda na kuwaondoa wafanyakazi. Tarehe 19 M23 waliingia Walikale mjini. Mama yangu mdogo, aliyekuwa akiuza chumvi, sabuni na vitenge sokoni, alikimbia na mwanawe wa miaka 15 hadi kijiji kimoja upande wa magharibi, kwenye barabara ya kuja Kisangani. Alibeba kifuko cha likelemba. Wanawake 12 wa soko walikuwa wakichanga kila juma na kupokezana, na yeye ndiye aliyekuwa mtunza fedha.

Jumamosi, Machi 22, tangazo la AFC/M23 kwa Kifaransa lilienea X na WhatsApp. Lilisema kwamba wameamua kuyaondoa majeshi yao Walikale mjini na kandokando yake, ili kuyapa nafasi mazungumzo ya amani. Simu yangu haikupumzika. Wenzangu waliniambia: wewe ndiye wa lugha, tafsiri upesi. Niliandika: "AFC/M23 wametangaza kwamba wameamua kuondoa majeshi yao Walikale mjini na kandokando." Nikaisoma. Ilikuwa sahihi. Mmoja akasema ni ndefu, watu hawana mega, wanasoma wakikimbia. Nami nilipenda sentensi fupi, ndiyo tunayofundishwa. Nikafuta "wametangaza". Nikafuta "wameamua". Ikabaki: "M23 wameondoka Walikale mjini."

Wanaosoma gazeti hili hawahitaji kuelezwa nilichofanya. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika, lakini kuondoka kulikuwa bado. Nilimwondoa mwenye kuamua, nikamwachia msomaji safari iliyokwisha kutimia. Kiambishi kimoja, "-me-", nilikihamisha kutoka kitenzi kimoja kwenda kingine. Katika zoezi la darasani ningepoteza alama moja.

Katika muda wa nusu saa ujumbe ulikuwa umepita makundi mengi. Watu waliweka mikono ya kushukuru. Nilijisikia nina faida duniani, nikalala.

Haya yaliyofuata nilielezwa baadaye. Kijana wa kijiji kile aliwasomea wakimbizi ujumbe wetu. Mama mdogo, ambaye aliacha shule darasa la tatu, aliuliza swali ambalo mimi mwanafunzi wa lugha sikujiuliza: "Wameondoka, au wamesema wataondoka?" Akamwomba kijana atuulize. Kijana akamjibu: "Mama, humu hawaruhusu kuuliza. Wanaandika wakubwa peke yao." Namba yangu ilikuwa katika simu yake mwenyewe, iliyozimika tangu Alhamisi. Jumapili asubuhi aliingia barabarani pamoja na wengine, kwa sababu mwandishi wa chama ni mtoto wa dada yake, na mtoto wa dada yake hawezi kumdanganya.

M23 hawakuwa wameondoka. Waliondoka mwanzoni mwa Aprili, zaidi ya juma moja baadaye. Kabla ya kufika mjini, kundi la mama mdogo lilisimamishwa kwenye kizuizi na watu wenye silaha. Walikuwa wa upande gani, yeye mwenyewe hajui hadi leo. Walichukua unga, vitenge na kifuko cha likelemba. Walimchukua na mtoto, akawabebee mizigo. Alirudi baada ya siku nne, akiwa hai, bega limevimba. Nalisema mapema kwamba alirudi, ili msomaji asikae na hofu niliyokaa nayo mimi. Lakini mpaka sasa hapendi kubeba kitu chochote mbele ya watu, na hapendi kuulizwa.

Mama mdogo alinipigia simu katikati ya Aprili. Aliniuliza habari za masomo, za chakula, za malaria. Kisha akasema: "Mwanangu, ule ujumbe ni wewe uliyeandika?" Nikasema: "Ndiyo, mama." Akanyamaza kidogo. "Nilitaka kukuuliza." Hakuongeza neno. Angenitukana ningepata pa kushika.

Tangu siku hiyo nimeufikiria sana ule ukurasa wa Intel. Nilipousoma mara ya kwanza niliwacheka: kampuni kubwa kama ile kuogopa maswali, kufunga mdomo wa watu kisha kuomba radhi! Sisi tulikuwa watano, bila hisa wala mawakili, na tulifanya vilevile. Tofauti ni kwamba waliofungiwa na Intel walikuwa na sehemu nyingine mia za kusemea. Aliyefungiwa na sisi alikuwa na barabara moja mbele yake.

Kwetu mtu haingii uani mwa mwenzake bila kupiga hodi, na aliye ndani haachi kuitikia. Hata kama hawezi kumkaribisha mgeni, atasema: "Subiri," au "Mwenye nyumba hayupo." Sauti ya kuitikia ndiyo inayoonyesha kwamba nyumba ina watu. Shirika linapofungua ukurasa limeshasema "karibu", tena kwa sauti kubwa. Watu watakuja na hodi zao: barabara iko wazi? Dawa zimefika? Orodha ya wanaopewa msaada imefungwa? Wakikuta mlango umepakwa rangi tu ukutani, watafanya kama mama mdogo. Watachukua waliyosomewa kuwa jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama shirika litumie mitandao, mimi siku hizi huuliza linamjibu nani. Alphamin ilipotangaza kusimamisha kazi, tangazo lilikuwa la Kiingereza, kwa wenye hisa wa Toronto na Johannesburg, kama sheria za masoko zinavyodai. Na bei ya bati ikapanda katika soko la London. Tarehe 9 Aprili tangazo jingine likasema kazi itarudi hatua kwa hatua. Sioni kosa hapo. Tangazo linalojua msikilizaji wake ni tangazo la kweli. Chama chetu kilikuwa na shida ya namna nyingine: tulisema tunawaandikia watu wa Walikale, lakini tukikaa kuhesabu, tulihesabu walioupenda ukurasa Kisangani, Kinshasa na Ubelgiji. Nyumbani palikuwa mada, wasomaji walikuwa kwingine. Nadhani mashirika mengi yanayopiga picha kwetu yana ugonjwa huohuo, na lugha zake huuonyesha: Kifaransa na Kiingereza juu, Kiswahili hakuna, picha ya mwanamke wa kambini ambaye hatasoma kamwe kilichoandikwa chini ya uso wake.

Kuna waliofanya kinyume. Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, watu wachache walianzisha Ushahidi. Wao walianza kwa kupokea: raia walituma ujumbe wa simu au wa intaneti kueleza kilichotokea mahali walipo, na wao wakaviweka kwenye ramani. Hata jina lilitaja kazi. Ushahidi hutolewa na aliyekuwapo. Nikiwalinganisha nao, naona kwamba sisi tulianza na mdomo, masikio tukayaona kuwa mzigo.

Kuna mwenzetu mmoja, tena mwenye akili kuliko mimi, aliyetaka chama kifute ukurasa na kundi. Hoja yake ni nzito: tulifunga kwa sababu watu wangeuawa kwa maneno, tukifungua wataitwa wasaliti tena. Sina jibu linaloiangusha hoja hiyo. Kundi lililo wazi lingeweza kumwokoa mama mdogo na kumwangamiza mwingine. Nilimwambia tu kwamba kufuta hakuleti ukimya mtakatifu. Tukiondoka sisi, watabaki wale wenye bunduki na simu, ambao hutangaza kila siku.

Tulikubaliana mambo machache ya kawaida. Kundi limebaki limefungwa, lakini kila ujumbe unakuwa na namba mbili za simu, na wawili kati yetu wako zamu, mchana na usiku, kupokea sauti za watu kwa Kiswahili, Kinyanga au Kikumu, na kujibu hata kama jibu ni "hatujui". Kila habari inaanza kwa neno moja kati ya matatu: tumeona, tumeambiwa, au wametangaza. Hatufupishi. Watu wakilalamika kwamba ujumbe ni mrefu, tunawaomba radhi, tunauacha vilevile. Idadi ya wasomaji wa ukurasa imepungua, na wale wa Ubelgiji wamechoka nasi.

Kuhusu likelemba, chama kiliamua kuwalipa wanawake wale kutoka mfuko wa michango, na mimi naongeza ninachopata kwa kuwachapia wenzangu kazi zao. Kufikia mwezi huu wamelipwa tisa kati ya 12. Mama mdogo amekataa kuwa mmoja wa tisa. Amesema yeye awe wa mwisho.

Kama mjadala wa kitivo ungerudiwa kesho, ningekaa upande wa wanaosema mashirika yatumie mitandao. Ningesema hivyo kwa ajili ya Luvungi. Kisha ningewageukia wenzangu wa upande uleule, kabla makofi hayajaanza, niwaulize swali ninaloulizwa siku hizi kila jioni katika chumba chetu cha bweni, simu ya chama ikiwa mezani inachajiwa: leo usiku zamu ni ya nani?